Gati Namba Saba na Vitufe vya Shemeji

Jumamosi, 16 Novemba

Barua ya chama cha wavuvi imefika. Nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza kwa maana yake, mara ya pili kwa makosa yake — manne, katika mistari tisa! — na mara ya tatu kwa sababu sikuamini. Magati ziwani ni machache, wanachama ni wengi. Kwa hiyo mwenye gati ambaye kwa misimu miwili hajaandikisha samaki wa karpi hata mmoja wa kilo tano atalirudisha gati lake, asipoandikisha mmoja kabla ya saa sita mchana, Sikukuu ya Epifania, tarehe sita Januari.

Wanachama wa namna hiyo tuko wangapi? Nimehesabu. Mmoja.

Gati namba saba ni langu kwa miaka thelathini na mmoja. Mbao nilizipigilia mwenyewe. Siku niliyostaafu, wakati mkuu wa shule ananitafuta kwa ajili ya hotuba, nilikuwa nimekaa hapo, nimevua viatu.

Wa kwanza katika orodha ya wanaosubiri ni jirani yetu, Gellért Bodonyi, fundi wa mabomba. Amepita mara mbili leo kuuliza kama mbao zimeoza.

“Nauliza tu, Mwalimu. Mtu hujiandaa.”

Haya, ajiandae.

Jumanne, 19 Novemba

Nimeanza kutengeneza chambo. Karpi wa majira ya baridi si karpi wa Julai. Amelala chini kwenye tope, damu imepoa, hula kidogo na kwa uvivu. Mafuta huganda majini, hayatoi harufu. Kwa hiyo: kitonge kidogo, kisichozidi zabibu, chenye harufu inayoyeyuka. Nimechanganya unga wa samaki, unga wa chenga wa semolina, unga wa soya, maini ya kuku yaliyokaushwa na kusagwa, kitunguu saumu, paprika kali ya unga na mayai kumi. Nimekanda, nimefinyanga, nimechemsha dakika mbili kwa saa. Vitonge mia tatu na kumi.

Etelka, mke wangu, aliingia jikoni na koti lake bado mwilini. Hakulivua. Alisimama mlangoni.

“Ambrus, nani amekufa humu?”

“Ni maini tu.”

“Maini ya nani?”

Akafungua madirisha yote mawili, nje nyuzi mbili za baridi, kisha akaenda kwa dada yake mpaka jioni.

Huyo dada, Jolán, ni mjane, anakaa nyumba mbili kutoka hapa. Ndiye shemeji yangu. Kwa miaka arubaini na mmoja hunisalimu kwa heshima kamili, kama mtu anayesalimia jeneza. Nami humjibu vivyo hivyo. Nyumba imekuwa tulivu kwa sababu hiyo.

Alhamisi, 28 Novemba

Siku tatu gatini. Hakuna kitu. Kengele ya fimbo ililia mara moja — bata.

Gellért anachokora pipa langu la taka. Nina hakika: nilipanga maganda ya mayai kwa mstari jana, leo mstari umevunjika. Anatafuta mapishi ya chambo changu, ili akae kwenye gati langu na kitonge changu! Niliandika kwa mwandiko mzuri, kwenye karatasi safi, “Chambo cha baridi — SIRI”: haradali nusu kilo, mafuta ya kafuri, jibini lililooza wiki mbili, unga wa mifupa, kanda kwa mikono mitupu, usinawe. Nikaikunja, nikaidondoshea kahawa kidogo ili ionekane imetumika. Nikaitupa.

Si uongo. Sikumwambia mtu kitu chochote. Mtu akisoma taka za mwenzake, makosa ni ya msomaji.

Jumapili, 1 Desemba

Kanisani watu wa benchi la tatu walihamia la tano. Gellért alibaki peke yake benchi la tatu. Mkewe alikaa na wanakwaya.

Nilisali vizuri leo.

Alhamisi, 5 Desemba

Theluji kidogo. Jolán ameleta kwetu kopo la vitufe vyake vya nazi, kwa kuwa stoo yetu ya vyakula ni baridi kuliko yake. Hivi ni vitufe vya Krismasi, biskuti zilizosagwa, kakao na ramu, vimeviringishwa kwenye nazi iliyokunwa. Mji mzima unavijua. Mapishi hayajulikani na mtu. Mke wa daktari aliyaomba mwaka alipoolewa, na sasa ana wajukuu.

Mimi sijawahi kuvionja. Kwa sababu zangu.

Vitonge vyangu vipya nimevipaka unga wa maziwa, ili vitoe wingu jeupe majini. Etelka amekataa vikae wazi. Amevitia kwenye kopo la biskuti na kulifunga kwa utepe wa plastiki, “ili nyumba ipumue.”

Jumamosi, 7 Desemba

Lazima niandike kwa utaratibu.

Saa moja asubuhi nilikuwa gatini. Barafu nyembamba kando ya matete, katikati maji wazi. Nikafungua kopo. Harufu ya ramu!

Vitufe vya nazi. Safu kwa safu, kila kimoja ndani ya kikombe chake cha karatasi.

Makopo mawili yanayofanana, yote na utepe, rafu moja, viduara vyeupe ndani ya yote mawili. Nimechukua la Jolán. Basi la kwangu…

Nikakumbuka kwamba jana usiku kulikuwa na kwaya. Jolán hupeleka kopo kila mwaka, Sikukuu ya Mtakatifu Nikolasi. Hulibeba bila kulifungua.

Maini. Kitunguu saumu. Watu ishirini na wawili.

Kurudi nyumbani hakukunivutia. Na mtu hawezi kukaa gatini bila kutupa chambo. Nikatoboa kitufe kimoja, nikakifunga kwenye uzi mfupi kando ya ndoana, nikatupa. Nilitarajia kiyeyuke upesi. Baada ya saa moja nilivuta kutazama: kizima, kigumu, kinatoa ramu kidogo kidogo. Nikatupa tena.

Saa tatu na dakika kumi kengele ililia — haikukatika. Fimbo ilipinda mpaka majini! Dakika ishirini nilipigana naye. Alikuja juu mara moja, nikaona ubavu: dhahabu iliyokolea, pana kama mto wa kulalia. Kilo kumi. Naandika kilo kumi, na mimi si mtu wa kuongeza. Akazama chini ya gati. Mshipi ukagusa msumari. Ukakatika.

Msumari niliupigilia mimi.

Gellért, ambaye alikuwa kwenye matete upande wa kushoto, alipiga makofi mawili, taratibu.

“Pole, Mwalimu. Samaki si samaki mpaka awe wavuni.”

Bado ananuka haradali.

Jumapili, 8 Desemba

Kanisani nilikaa nyuma, karibu na mlango, iwapo ningehitajika kutoka haraka. Baada ya ibada mpiga kinanda alimfuata Jolán. Nilisikia kila neno.

“Bibi Jolán, vile vitufe. Kulikuwa na… ladha ya bahari?”

Jolán hakupepesa jicho. “Mwaka huu nimebadilisha kidogo.”

“Nilikula vitatu. Paka wangu hajaniacha tangu Ijumaa.”

“Vinakusudiwa kuliwa polepole,” akasema Jolán.

Yaani alikwisha kujua kuwa kuna jambo, lakini hakuwa tayari kukiri mbele ya kwaya kwamba kitu asichokijua kimetoka mkononi mwake! Nilimheshimu kidogo. Haikudumu.

Jioni nimemwambia Etelka ukweli wote. Alijifunika uso kwa taulo la vyombo, mabega yakamtikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka. Alipopumua akasema: nikimwambia dada yake kwamba kwaya imekula chambo, nitahamia gatini na godoro langu.

Jumatano, 11 Desemba

Nimejaribu kutengeneza vitufe hivyo mwenyewe. Biskuti, kakao, ramu, sukari, siagi. Nimetia kimoja kwenye glasi ya maji baridi. Dakika sita — uji.

Nimeongeza yai. Dakika tisa. Nimeongeza semolina, nikachemsha. Vimekuwa risasi, na havina harufu.

Kitufe kimoja cha Jolán nilikificha mfukoni siku ile. Kimekaa kwenye glasi karibu na dirisha tangu Jumapili. Leo ni siku ya nne. Kizima! Kinatoa ramu kama siku ya kwanza. Nimekitazama kwa kioo cha kukuzia. Nimekinusa. Nimekionja — ndiyo, baada ya siku nne majini, kwa ajili ya utafiti. Ni kitamu sana. Hilo nalo limeniudhi.

“Muulize Jolán,” amesema Etelka. “Mimi mama hakuniambia. Alimwambia yeye, kwa kuwa yeye ndiye mkubwa.”

Jumanne, 17 Desemba

Zimebaki siku ishirini. Nimekwenda.

Nilivaa tai. Alinikaribisha, akanipa kiti kigumu. Nikasema kwamba Krismasi ni wakati wa kuhifadhi urithi, na kwamba ingekuwa hasara mapishi ya familia yasipoandikwa, na kwamba mimi, kama mtu wa kalamu, ningekuwa radhi…

“Gellért ameniambia,” akasema.

“Amekuambia nini?”

“Kwamba samaki mkubwa amekula kitufe changu. Alisikia harufu ya ramu kutoka kwenye matete.” Akakunja mikono. “Watu wa mji huu wamenibembeleza miaka thelathini, Shemeji. Wewe unakitaka umpe samaki.”

“Samaki anajua kitamu,” nikasema. Ni sentensi ya kwanza ya upole niliyomwambia tangu mwaka 1983.

Naye akautaja mwaka huo huo. Nilijua atautaja.

Krismasi ya 1983, mezani kwake, mbele ya wazee wote wa familia. Yeye ni mtu wa mji wa Baja, na Baja hupika supu ya samaki na kutia tambi. Mimi ni mtu wa mji wa Szeged, na Szeged husaga samaki wadogo, huchuja, na hakuna tambi — kamwe! Nilikuwa kijana, nilikuwa nimeoa mwezi mmoja tu kabla. Niliinua kijiko, nikasema: “Tambi ni za supu ya kuku. Supu hii imekosea njia.” Baba mkwe alicheka. Jolán aliondoka mezani, hakurudi mpaka kahawa.

Sharti lake: mkesha wa Krismasi, mezani, mbele ya wote, niseme kwamba supu ya samaki ya kweli ni ile yenye tambi.

“Ukisema, nakuandikia mapishi. Usiposema, mpe samaki wako maini.”

Nilimwambia nitafikiri. Kuna mambo mtu huyatenda kwa ajili ya gati, na kuna mambo hayatendi. Marehemu baba yangu alivua mto Tisza, kule Szeged, maisha yake yote. Nikilisema neno hilo, atasikia.

Jumanne, 24 Desemba

Mkesha. Tulikuwa wanane. Supu ilikuja, nyekundu, moto, tambi zimejaa bakuli hadi juu. Ametia nyingi kusudi. Watu wote waliweka vijiko chini. Hata wapwa walikuwa wameambiwa.

Nikainua kijiko. Nikasifu paprika. Nikasifu samaki, vipande vyake, uthabiti wake. Nikasifu mkono wa mpishi, sahani, kitambaa cha meza, mkate. Nilisema karibu dakika nne na sikurudia neno lolote.

“Na tambi, Shemeji?” akauliza Jolán.

“Zimeiva.”

“Na?”

“Zina urefu mmoja. Hilo si jambo dogo.”

Mpwa mmoja alicheka, akapigwa teke chini ya meza. Jolán akaniongezea supu bila kuulizwa, tambi tupu, bila samaki. Nilikula zote. Mke wangu hakunitazama mpaka tulipofika kwenye mkate wa mbegu za mpopi.

Mapishi sikupata.

Ijumaa, 27 Desemba

Gellért amekuja na futi ya chuma, akapima upana wa njia inayoelekea gatini. Anataka kuleta kiti cha kukunja, kipana. “Sina haraka, Mwalimu. Epifania si Jumatatu hii, ni ile ya pili.”

Nimekaa saa saba na vitonge vya maini. Baridi ilipanda miguuni mpaka magotini. Nilimfikiria yule wa dhahabu, amelala kwenye tope, anasubiri ramu.

Jumapili, 29 Desemba

Etelka ametuita sote wawili jikoni, mimi na Jolán, akafunga mlango, akakaa juu ya ufunguo. Amesema hivi — nafupisha. Kwamba ana miaka sitini na nane. Kwamba amebeba salamu zetu za jeneza tangu alipoolewa. Kwamba mume wake asiye na gati atakaa nyumbani, siku nzima, kila siku, akisahihisha magazeti kwa sauti. “Na mimi,” akasema, “nitahamia kwako, Jolán. Na masanduku yangu yote.”

Jolán alifikiri juu ya masanduku.

Kisha akasema: mapishi haandiki. Lakini atakuja gatini mwenyewe, na vitufe mfukoni. “Kimoja kimoja, Shemeji. Na kila kimoja utakiomba.”

Nimekubali. Sikuwa na ufunguo.

Ijumaa, 3 Januari

Siku ya kwanza pamoja. Alikuja na koti la manyoya la marehemu mume wake, chupa ya chai na mto wa kukalia. Niliomba vitufe vitatu. Kila mara alisema: “Sauti, Shemeji. Upepo unavuma.”

Ananiambia nakaa vibaya, natupa karibu mno, na kofia yangu inawatisha samaki. Saa nane mchana akauliza kwa nini pale, mbele ya mti ulioanguka, pasijaribiwe. Nikamweleza kwa nini. Akasikiliza. Akasema, “Basi ni uoga.”

Hakuna samaki. Lakini naandika, kwa kuwa ni kweli: saa nzima baada ya chai hatukuzungumza, na haikuwa mbaya.

Jumapili, 5 Januari

Saa mbili asubuhi. Gatini. Nyuzi nne chini ya sifuri, ukungu. Kesho saa sita gati si langu tena. Jolán yupo. Gellért yupo kwenye matete, amekuja na kiti chake kipya, anasikiliza redio.

Saa tatu. Kitufe cha kwanza. Nimetupa mbele ya mti ulioanguka. Jolán amekohoa kama mtu aliyeshinda.

Saa nne na robo. Kitufe cha pili. Ameuliza kama vidole vyangu vimekufa ganzi. Nimekiri. Amenivisha glavu zake. Ni za rangi ya waridi. Gellért ameziona.

Saa tano kasoro. Naandika nimesimama, tena haraka. Kengele ililia wakati nimekwenda kando, nyuma ya mti, kwa haja ya mtu wa umri wangu. Niliporudi mbio, Jolán alikuwa ameshika fimbo. Imepinda kama mundu. Amekita miguu kwenye mbao zangu kama mtu aliyefanya hivi maisha yake yote!

“Nipe, Jolán.”

“Wavu, Shemeji. Shika wavu.”

Nimeshika wavu kwa mkono wa kushoto. Kalamu iko mkono wa kulia, kwa kuwa kanuni inataka samaki aandikwe mara anapotoka majini. Kitabu cha chama sijakifungua. Kanuni hiyohiyo inasema samaki ni wa aliyemvuta, na aliyemvuta awe na leseni. Jolán hana leseni. Nikiishika fimbo sasa, kabla hajafika wavuni, ni wangu. Nimemwambia hayo yote, kwa ufupi na kwa ufasaha.

“Najua,” akasema. “Gellért alinisomea kanuni.” Akarudisha mshipi nusu mzunguko. “Sema kwanza.”

Amekuja juu! Ni yeye. Dhahabu, ndoana yangu ya Desemba bado kwenye mdomo wa chini. Hakuna haja ya kumpima.

“Sema, Shemeji. Mikono yangu inachoka.”

Haichoki. Anatabasamu. Tangu nimfahamu sijawahi kuona meno yake ya chini.

Gellért amezima redio.

Na sasa huyu hapa Vendel, mlinzi wa ziwa, anakuja na baiskeli yake, taratibu, kutoka upande wa lango. Anakagua leseni kila Jumapili, na tangu alipokuwa mwanafunzi wangu hajawahi kumruka mtu. Hatua sitini. Ameona fimbo. Amenyoosha shingo kuona ni mikono ya nani.

Samaki amegeuka upande, yuko mita mbili kutoka gatini, amechoka. Jolán ameninyooshea fimbo — lakini hajaachia vidole.

Mdomo unakataa. Labda mkono utangulie, mdomo ufuate. Naandika kwanza, nione kama inaandikika:

Supu ya samaki ya kweli ni ile yenye